Kuhesabu Wasio na Kazi Ukweni

Kama Jumapili iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujafika ukurasa huu, usihangaike, nitakueleza kwa ufupi.

Mimi ni Kasimiri, karani wa mizani wa zamani katika ghala la mahindi la serikali mjini Njombe. Soko huria lilipofika, wafanyabiashara wenye malori walianza kuyafuata mahindi shambani na kupima kwa debe lililotolewa tako nje ili limeze zaidi. Mizani ikaonekana mzigo, na karani wake akaonekana mzigo mkubwa zaidi. Wenyewe walikuita kupunguzwa. Mimi sikupunguzwa, niliondolewa mzima mzima.

Mkasa wa kukaanga chipsi mnaujua. Wa kufuga sungura sitaki kuurudia, mpaka leo nikiona karoti naumwa tumbo. Mkasa uliozidi yote ni wa baba mkwe, Mzee Polikarpo wa Kitandililo, kule Makambako. Alikuja nyumbani kwangu wiki ya Pasaka akamchukua binti yake, yaani mke wangu Konsolata, pamoja na watoto wetu wawili. Sikuwa nimempiga. Sikuwa nimemtukana. Sikuwa na kimada, kwa sababu kimada naye anataka mtu mwenye kazi.

"Siku ukiwa na kazi, njoo umchukue," mzee aliniambia huku akifunga godoro kwenye pikapu. "Sisemi biashara. Sisemi kibarua. Nasema kazi."

Basi wiki iliyopita tuliishia pale nilipopata kazi. Msicheke. Niliajiriwa kuhesabu watu wasio na kazi.

Semina tulifanyia ukumbi wa parokia, Njombe, wadadisi tuliookotwa huku na huko. Nusu yetu tulikuwa watumishi waliopunguzwa, nusu vijana wa kidato cha nne waliosubiri ajira mpaka wakaota ndevu. Mkufunzi na msimamizi wetu alikuwa kijana wa takwimu kutoka mkoani, mzaliwa wa Bulongwa, jina lake Filemoni. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, Kiswahili chake kimenyooka.

"Sikilizeni," alisema. "Mtu aliyefanya kazi hata saa moja ndani ya siku saba zilizopita, kwa malipo, kwa faida au kwa ajili ya familia yake, huyo ana kazi."

Ukumbi ukaguna.

"Saa moja tu?" nikauliza.

"Saa moja tu."

"Na aliyekaa kijiweni wiki nzima?"

"Anatafuta kazi?"

"Anatafuta mtu wa kumnunulia pombe ya ulanzi."

"Basi huyo si mkosa ajira," Filemoni alijibu bila kucheka. "Mkosa ajira ni mtu asiye na kazi, anayeitaka, na aliye tayari kuianza akiipata leo. Huyo wako wa kijiweni yuko nje ya nguvukazi kabisa."

Nikakaa chini nimenyong'onyea. Kumbe muda wote niliokuwa nikijitangaza sina kazi nilikuwa najipendelea. Nilikuwa nakaanga chipsi zinazoungua na kunitia hasara, lakini kitakwimu nilikuwa mtu aliyejiajiri, heshima zangu zote.

Kisha akatufundisha aina. Kuna utingo aliyeshuka lori hili akingojea lile, huo ni ukosefu wa ajira wa mpito. Kuna wachuma chai wa kule Matembwe ambao majani yakigoma kuchipua kwa baridi wanakaa wakiota moto, huo ni wa msimu. Uchumi wote ukidorora, viwanda vikafunga na wenye hela wakafunga mifuko, huo nao una jina lake, nimelisahau.

"Na kuna ule wa kimuundo," alisema. "Uchumi unabadilika, na ujuzi wa mtu unakosa mnunuzi. Mathalani, karani wa mizani."

Alisema hivyo akitazama dirishani, lakini ukumbi mzima ulinigeukia mimi.

Ndugu msomaji, niliumia na nikapona palepale. Mwaka mzima nilikuwa naamini nimerogwa na jirani yangu wa nyuma. Nilikwenda kwa mganga, akachukua jogoo na kitambaa chekundu, akaniambia adui yangu ana kovu. Kumbe adui yangu ni muundo, na jirani wa watu nimemnunia bure.

Kabla hatujaachana, Filemoni alituwekea mambo mawili mezani. La kwanza lilikuwa tamu.

"Mmoja wenu atakayefanya kazi safi, ofisi ya mkoa itamchukua moja kwa moja. Ajira ya kudumu."

La pili lilikuwa chungu.

"Hakuna kuhoji jamaa zako. Ukipangiwa kaya ya ndugu, unaniambia, nampa mwenzako. Nikikukuta unamhoji mjomba wako, siku hiyohiyo rudisha mkoba."

Nilisikia yote mawili. Kichwani nilibakiza moja. Ajira ya kudumu. Nikamwona Mzee Polikarpo akifungua lile godoro kwa mikono yake mwenyewe.

Makambako walinipokea kwa mbio. Nilipoingia mtaani na mkoba na kofia, wanaume wote walitoweka wakidhani nimefuata kodi ya kichwa. Mmoja aliruka ua akaacha kandambili moja. Ilibidi nimshike mkono Halfan, mwenye malori mawili na duka la vipuri karibu na stendi, kwa sababu yeye ni mnene na hakuweza kuruka.

"Karani, mimi kodi nimelipa," alisema akihema.

"Sikudai kodi, sheikh. Nataka kujua nani hapa nyumbani ana kazi na nani hana."

Akatulia. Akaagiza chai.

"Mimi ninayo. Hawa wanangu wanne, Mungu shahidi, hawana kazi. Wote wamemaliza shule, wamekaa tu."

"Wamekaa wapi?"

"Dukani. Wananisaidia."

"Tangu saa ngapi?"

"Wakishaswali alfajiri mpaka nifunge. Lakini hawana kazi, karani, wapo tu."

"Unawalipa?"

"Nimlipe mwanangu? Anakula kwangu!"

Nikamwandika kila mmoja ana kazi, msaidizi wa familia asiyelipwa. Vijana wale walipochungulia na kugundua kwamba serikali inawajua kuwa wafanyakazi, walimtazama baba yao kwa jicho jipya. Mkubwa wao akauliza kama wafanyakazi wana likizo.

"Na mkeo?" nikamuuliza Halfan.

"Zaitun? Mama wa nyumbani tu huyo."

Zaitun alitokea jikoni amebeba beseni la maandazi ambalo lingelisha mabasi yote ya Mbeya na Songea.

"Niandike hivyohivyo anavyosema," aliniambia akibinua midomo. "Andika pia kwamba ada zao za shule zilikuwa zinaota ukutani."

Nikamwandika amejiajiri. Halfan akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniomba nisirudi tena.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Aliyeonekana hana kazi anayo, na aliyejiita mfanyakazi amelala. Nilianza kufurahia. Kwa mara ya kwanza tangu mizani ing'olewe, nilikuwa napima kitu.

Kisha nikapangiwa Kitandililo. Nikashuka na majina ya wakuu wa kaya kwa kidole, nikakuta limeandikwa wazi: Polikarpo, mstaafu wa reli.

Mtu mwenye akili angepanda baiskeli akaenda kumwambia Filemoni. Mimi nilikwenda kunyoa ndevu. Nilitaka mzee aniangalie nikiwa na kofia ya serikali, mkoba wa serikali na kitambulisho chenye picha kinaning'inia kifuani. Nilitaka Konsolata aniangalie pia. Ningewahoji haraka, ningeondoka na heshima, na Filemoni asingejua. Tamaa mbele, mauti nyuma, lakini msemo huo mtu huukumbuka akiwa tayari nyuma.

Nilimkuta mzee uwanjani amekaa kwenye kiti chake cha uvivu, kikombe cha ulanzi pembeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kikazi, baba."

Lile neno lilimfanya aketi wima. Akanitazama kofia, akanitazama mkoba, akavuta kitambulisho kama anayekagua tiketi.

"Kazi ya serikali?"

"Ya serikali."

"Ya kudumu?"

"Iko mbioni, baba."

"Kazi haiko mbioni. Mwizi ndiye anakuwa mbioni. Haya, kaa."

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana kukaa kwangu uwanja ule si jambo la kukaa tu. Kwetu Wabena, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani. Hawapeani mkono, hawaongei uso kwa uso, mmoja akipita njia hii mwenzake anapita ile. Ni heshima, na ndiyo inayotambulisha kwamba ndoa ipo. Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango wazi. Kwa hiyo nilivuta gogo, nikaligeuzia jiko mgongo, nikaelekeza uso kwenye mianzi. Shemeji yangu Lidia, mdogo wake Konsolata, akakaa kizingitini ili apeleke maswali ndani na kuleta majibu nje.

Nilianza na mkuu wa kaya.

"Baba, ndani ya siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote kwa malipo, kwa faida au kwa familia, hata kwa saa moja?"

"Mimi ni mstaafu wa reli."

"Najua, baba. Siku saba."

"Nilikwenda misa."

"Nyingine?"

"Nilisimamia."

"Ulisimamia nini?"

"Wanawake wakilima viazi."

Ndani jikoni mtu akakohoa. Lidia akainamisha kichwa, akasikiliza, akainua.

"Mama anasema alisimamia akiwa amelala."

"Lidia!" mzee aliunguruma.

"Mimi napeleka tu, baba."

Nikameza kicheko. "Baba, unatafuta kazi?"

"Nitafute kazi kwa umri huu?"

"Basi kwa mujibu wa utafiti, wewe haumo kwenye nguvukazi."

"Yaani unaniandika sina kazi?"

"Hapana, baba. Asiye na kazi lazima awe anaitaka. Wewe hata kwenye wasio na kazi haumo."

Kisha mzee akasimama kwa nguvu nilizodhani alizirudisha reli.

"Nimebeba mataruma ya reli toka kijana mpaka mgongo ukapinda! Leo mtu niliyemnyang'anya mke kwa kukosa kazi anakuja na kofia ya kupewa kuniambia mimi simo hata kwa wasio na kazi?"

"Ni kitabu, baba, si mimi."

Akaingia bandani, akatoka na jembe, akaanza kulima uwanja wake mwenyewe uliofagiliwa asubuhi. Udongo ukaruka, kuku wakakimbia.

"Andika! Nafanya kazi, andika!"

"Baba, hiyo ni ya leo. Sisi tunauliza wiki iliyopita."

Nadhani angenilima mimi kama Lidia hangepaza sauti kwamba mama anasubiri maswali yake. Nikageukia mianzi kwa shukrani.

Mama mkwe alikuwa amelima, amepalilia, amevuna viazi, amevipeleka sokoni Makambako na kuviuza. Saa zake zilijaa mpaka nikakosa pa kuziandika. Alipofika kwenye kupika, kuteka maji na kuwaogesha wajukuu, ilinibidi nimwambie ukweli.

"Shemeji, mwambie mama kwamba kupika na kuteka maji havihesabiwi kazi hapa."

Lidia akapeleka. Jibu likarudi upesi.

"Mama anauliza, aliyeandika hicho kitabu alikula nini siku hiyo."

Nikafunua ukurasa unaofuata.

Kisha Konsolata akatoka nyuma ya nyumba, mikono ina udongo, kitenge kimefungwa kiunoni. Akakaa kwenye jamvi mbele yangu. Amekonda kidogo. Nilitamani kuuliza anakula nini, nikauliza kilichoandikwa.

"Ndani ya siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote?"

"Nimelima kwa baba. Nimesuka watu nywele. Nimeuza viazi vya mama."

"Ungependa kazi nyingine zaidi ya hizo?"

"Ningependa mume mwenye kazi."

Mzee alikuwa amerudi kitini, anafuta jasho. Akajifanya hasikii.

"Hilo halimo," nikasema taratibu. "Ndani ya wiki nne zilizopita, umetafuta?"

"Nitafute nini, kazi au mume?"

"Kazi."

"Sijatafuta."

"Sababu ya kutotafuta? Kuna majibu ya kuchagua." Nikamsomea. "Amekata tamaa. Mgonjwa. Haoni haja. Anasubiri majibu ya maombi ya awali."

Konsolata akachora mstari mavumbini kwa kidole.

"Lile la mwisho," akasema. "Nasubiri majibu."

Nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye karatasi ya serikali. Nikashika kalamu nikaandika kwa herufi nzuri kuliko zote nilizojifunza. Nilipomaliza, nikasikia pikipiki inazima nyuma yangu.

Filemoni.

"Hodi hapa! Endeleeni, endeleeni, napitia kazi tu." Akavua kofia ya pikipiki, akamsalimu mzee kwa adabu, akampa Konsolata mkono. Kisha akanitazama mimi nilivyokaa.

"Kasimiri, mbona umewapa watu mgongo?"

"Jua, bosi."

"Jua liko huko unakoangalia."

Nikakohoa.

"Huyu dada kwenye kizingiti anafanya nini?"

"Ananisaidia kwa mama. Mama ana mafua."

Filemoni akachuchumaa mbele yangu, akapunguza sauti, lakini uwanja mzima ulisikia.

"Mimi natoka Bulongwa, sikutoka Ulaya. Mwanaume anayekaa namna hii kwenye uwanja wa watu tunamjua. Nikuulize mara moja tu. Hapa ni ukweni kwako?"

Ewe msomaji, kaa kwenye gogo langu. Nikisema ndiyo, narudisha mkoba palepale, nakuwa sina kazi kwa aina zote zilizotajwa seminani, na bila kazi sipewi mke. Nikisema hapana, nabaki na kazi, lakini nimemkana mke mbele ya baba yake, na kazi ile nilikuwa naitafuta kwa ajili yake tu. Hata yule mtume aliyekana mara tatu hakuwa na mkwe anayemsikiliza.

Nikafungua mdomo. Sijui ningesema nini, naapa. Konsolata aliniwahi.

"Ukweni kwa nani? Huyu karani tumemwona leo."

Mzee Polikarpo akamgeukia binti yake. Mtu wa misa kila Jumapili, nilijua hawezi kuuacha uongo ule upite. Akanyanyua kikombe, akanywa polepole, akakitua.

"Binti amesema," akajibu.

Filemoni akatazama mmoja mmoja. Kijana yule hakuwa mjinga, ndiyo maana ana viatu vile.

"Vizuri. Basi naomba mama atoke tusalimiane wote, kisha niende zangu."

Lidia aliacha kupeleka na kuleta. Mimi nilikuwa nasali kwa Kibena, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimekwisha.

Mama mkwe akatoka.

Hakujifunika. Hakupita pembeni. Alikuja moja kwa moja, akamsalimu Filemoni, akaja akasimama mbele yangu. Nikainuka. Miaka yote ya ndoa nilikuwa namjua kwa kikohozi na kwa visigino vinavyokata kona. Siku ile niliuona uso wake kwa mara ya kwanza, na nikaona Konsolata alikotoa macho.

Akanyoosha mkono.

"Kamwene, karani."

Nikaupokea. Ulikuwa na unga.

"Kamwene, mama."

Kwa mkono ule nilibaki na kazi yangu. Na kwa mkono uleule, mbele ya baba mkwe, nikawa mtu baki. Kitu kama hicho kwetu hakirudishwi kwa samahani. Kinarudishwa kwa wazee kukaa, na mbuzi, na wao wenyewe wapende. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumtazama Konsolata nijue kama aliniokoa au alinifukuza, lakini alikuwa anaangalia chini.

"Nisameheni kwa mashaka yangu," Filemoni alisema akitabasamu. Akachukua dodoso langu, akapekua. "Kazi safi, Kasimiri. Mwandiko mzuri. Hii ndiyo kazi ninayoitafuta." Akasimama kwenye ukurasa mmoja. "Isipokuwa hapa kwa dada. Hali ya ndoa umeacha wazi."

"Nilikuwa nairudia, bosi."

Uongo. Swali hilo nililiruka kwa makusudi, nikidhani nitalijaza mwenyewe njiani, kwa raha zangu.

"Iulize sasa, nione unavyouliza."

Nikakaa. Safari hii nilikaa nimewatazama wote, maana sikuwa tena na mtu wa kumpa mgongo.

"Hali ya ndoa?" Nikasoma majibu kama mtu asomaye mashitaka yake. "Hajaolewa. Ameolewa. Wameachana. Mjane."

Konsolata akamwangalia baba yake. Akamwangalia mama yake. Akaniangalia mimi, na macho yake yalikuwa na maji.

Asingeweza kusema ameolewa. Filemoni angeuliza mume yuko wapi. Wameachana asingelitamka, kwetu Wakatoliki ndoa haiachwi. Asingeweza kusema hajaolewa, na watoto wetu wawili walikuwa wanacheza palepale kwenye udongo alioulima babu yao. Kwa bahati walikuwa wamezama kwenye mchezo, hawajanitambua na kofia yangu.

"Andika mjane," akasema.

Kalamu ikagoma. Filemoni akanigusa bega.

"Andika, Kasimiri."

Nikaandika. Kwa mkono wangu, kwa kalamu ya serikali, nikajizika.

"Pole sana, dada," Filemoni akasema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Mtu mdogo hivi. Marehemu alikuwa anafanya kazi gani?"

Konsolata akajifuta macho kwa upindo wa kitenge, na kwa kujifuta kule ujane ukamkaa sawasawa.

Aliyejibu ni Mzee Polikarpo.

"Hakuwa na kazi."

"Poleni sana, mzee. Maisha ndivyo yalivyo. Mimi mwenyewe nahangaika, umri unakwenda, hata mke bado sijapata."

Mzee aliweka kikombe chini, akafunga kifungo cha shati, akamkagua Filemoni kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka, kama alivyonikagua mimi mwaka ule nilipokuja na mshenga nikiwa bado na mizani.

"Na wewe, bwana," aliuliza, "hiyo kazi yako ni ya kudumu?"

"Ya kudumu, mzee. Na pensheni."

"Konsolata," mzee akasema, "mletee mgeni kiti."

Nikamtazama mke wangu. Nilimtazama kwa nguvu zangu zote asiinuke.

Konsolata akainuka, akaenda kuleta kiti.